Aston "Family Man" Barrett, mpiga besi wa The Wailers: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia kila mpenzi wa rege anapolikuta jina la Aston Barrett kwenye jalada la albamu, au kijana anayejifunza gitaa la besi anapoambiwa aanze kwa kumsikiliza yeye. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yenye utata. Pale jibu moja linapotegemea jingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mtu mwenyewe

Aston "Family Man" Barrett alikuwa nani?

Alikuwa mpiga besi, mpangaji wa muziki na kiongozi wa bendi kutoka Jamaika. Alizaliwa Kingston tarehe 22 Novemba 1946 na akafariki Miami, Marekani, tarehe 3 Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 77. Yeye na mdogo wake Carlton, mpiga dramu, ndio waliokuwa uti wa mgongo wa The Wailers katika miaka yote ambayo Bob Marley alijulikana duniani, na besi inayosikika katika albamu za kundi hilo tangu *Catch a Fire* ya mwaka 1973 hadi *Uprising* ya mwaka 1980 ni yake, isipokuwa mahali pachache (tazama swali kuhusu nyimbo ambazo hakupiga).

Wapo watu wengi wanaoimba nyimbo za Marley neno kwa neno bila kulijua jina hili. Hata hivyo, mwambie mmoja wao akuimbie kidogo wimbo wa "Exodus" bila maneno, na kuna uwezekano mkubwa kwamba atakachokitoa mdomoni ni besi ya Barrett.

Kwa nini aliitwa "Family Man"?

Mwenyewe alieleza kwamba jina hilo alilipata kabla hajawa na mtoto hata mmoja. Aliiona bendi kama familia, na akajiona yeye ndiye mwenye jukumu la kuiweka pamoja: kuhakikisha watu wanafika mazoezini, vyombo viko sawa na kila mmoja anajua sehemu yake. Baadaye alijaliwa watoto wengi, idadi ambayo magazeti yaliitaja kuwa zaidi ya arobaini, na hapo watu wakadhani jina lilitokana na watoto. Wenzake walilifupisha wakamwita Fams.

Alijifunza wapi kupiga besi?

Hakuna chuo alichopitia. Alikuwa kijana wa kazi za ufundi, aliyewahi kuchomelea vyuma kabla muziki haujaanza kumlisha, na gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi, ubao wa shingo na vipande vya fimbo ya pazia. Lilikuwa na uzi mmoja tu. Carlton naye alianza kwa kupiga makopo matupu ya rangi. Yeyote aliyekulia mtaani kwetu akiunda gitaa kwa galoni la mafuta na nyaya za breki za baiskeli hatahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la kutilia maanani ni kile ambacho uzi mmoja humfundisha mtu. Huwezi kukimbia huku na huku. Unalazimika kuchagua sauti chache na kuzipa uzito. Tena Barrett alipenda sana waimbaji wa soul wa Marekani, na alisema kwamba anapopiga besi hujihisi kama anayeimba sauti nzito ya kiume ndani ya kwaya. Ukiwa na maelezo hayo mawili kichwani, uzi mmoja na mwimbaji wa sauti nzito, utazielewa kazi zake nyingi kwa urahisi.

## Kabla ya Bob Marley

Kabla yake, besi ya muziki wa Jamaika ilikuwaje?

Katika ska, mtindo wa Jamaika uliotangulia rege, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, besi ilikuwa lile zeze kubwa la kusimama, na mpigaji kama Lloyd Brevett wa The Skatalites alitembea nalo bila kupumzika, pigo baada ya pigo, akikimbizana na tarumbeta. Kuanzia mwaka 1966 mwendo ulipungua na ukazaliwa mtindo wa rocksteady. Besi ya umeme ilichukua nafasi, na wapigaji kama Jackie Jackson na Leroy Sibbles wakaanza kupiga vifungu vifupi vyenye tuni, vikifuatiwa na kimya. Rege ilipoanza kusikika mwaka 1968, mlango ulikuwa tayari umefunguliwa. Kwa hiyo si haki kusema kwamba Barrett aliianzisha besi ya rege peke yake. Haki ni kusema kwamba aliipokea ikiwa changa akaikuza.

Alianza kujulikana kwa wimbo gani?

Kwa "Liquidator", wimbo usio na maneno uliotolewa mwaka 1969 kwa jina la Harry J All Stars, ambao kinanda chake kilipapaswa na Winston Wright. Ulifika nafasi ya 9 katika chati za Uingereza. Ndugu hao wawili wakati huo walikuwa katika kundi la The Hippy Boys, ambalo studio tofauti zililikodi na kulipa jina tofauti kila mara. Ndiyo maana jina la Barrett halionekani popote kwenye lebo za santuri nyingi alizopiga.

Wimbo huo una mkasa unaostahili kusimuliwa. Mwaka 1972 kundi la Kimarekani la The Staple Singers lilitoa "I'll Take You There", uliofika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Weka nyimbo hizo mbili moja baada ya nyingine, usikilize sekunde za mwanzo tu: ni besi ileile. Dunia nzima ilicheza tuni iliyotoka vidoleni mwa kijana wa Kingston mwenye umri wa miaka 22, na mwandishi aliyetambuliwa alikuwa mwingine. Suala hili litarudi katika sehemu ya mirabaha.

The Upsetters walikuwa akina nani?

Lilikuwa jina la bendi ya studio ya mtayarishaji Lee "Scratch" Perry, na wanamuziki wake walibadilika mara kwa mara. Mwaka 1969 ni The Hippy Boys waliosafiri kwenda kufanya maonyesho Uingereza kwa jina hilo. Waliporudi, Perry aliwakutanisha na waimbaji watatu wa The Wailers, Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Livingston (aliyejulikana baadaye kama Bunny Wailer), na kutokana na ushirikiano huo zikapatikana rekodi kama "Duppy Conqueror" na albamu ya *Soul Rebels* ya mwaka 1970. Wakosoaji wengi huziona rekodi hizo kuwa bora kuliko zile zilizotengenezwa baadaye kwa fedha nyingi, na mimi nakubaliana nao kwa upande wa besi: iko mbele, kavu, haikufunikwa na kitu.

Ndugu hao wawili kisha wakaamua kuwafuata waimbaji moja kwa moja. Perry hakufurahia kupoteza bendi yake.

## Besi yake

Nini hasa kinaifanya besi yake kuwa tofauti?

Anayezijua bendi zetu za dansi amezoea mpangilio ambao gitaa la solo linaongoza, ridhimu linajibu, na besi inashikilia chini. Katika rege aliyoijenga Barrett mpangilio huo umepinduliwa. Gitaa la juu linakatakata tu, mkato mfupi kati ya mapigo. Kinanda kinabwabwaja chini kwa chini. Tuni ambayo msikilizaji anaishika na kuondoka nayo iko kwenye besi. Mara nyingi aliandamana na gitaa jingine lililopiga tuni ileile kwa nyuzi zilizozibwa na kiganja, ili kila sauti ya besi iwe na ncha ya kusikika.

La pili ni kimya. Barrett hakuogopa kuliacha pigo lipite bila kuligusa. Anapiga sauti tatu au nne, anaacha nafasi ambayo mpigaji mwingine angeijaza kwa madoido, kisha anarudi palepale, na anafanya hivyo kwa dakika tano bila kubadilisha kitu. "Exodus" umejengwa juu ya kordi moja tu kwa zaidi ya dakika saba. Mpigaji asiyejiamini angekuwa ameshaanza kuhangaika katika dakika ya pili. Besi ile haihangaiki, na kadiri inavyokataa kubadilika ndivyo mwendo wa watu wanaotembea unavyozidi kuonekana.

One Drop ni nini, na Carlton ana nafasi gani hapo?

Ni namna ya kupiga dramu katika rege. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Katika muziki mwingi wa Magharibi dramu kubwa inayopigwa kwa mguu hutua kwenye moja. Katika One Drop moja inaachwa wazi, na dramu kubwa hutua kwenye tatu pamoja na fimbo inayogonga ukingo wa dramu ndogo. Wanaohesabu polepole, kwa nusu ya mwendo huo, watasema pigo linatua kwenye mbili na nne. Ni pigo lilelile, ila hesabu imebadilika. Si kila wimbo wa kundi hili uko hivyo: katika "Exodus" mguu hupiga mapigo yote manne.

Carlton hakuuanzisha mtindo huu, lakini hakuna aliyeufikisha mbali kuliko yeye. Na kwa kuwa pigo la kwanza limeachwa wazi, mpiga besi ndiye anayeamua kama litajazwa au la. Ndiyo maana haiwezekani kuzungumzia besi ya mmoja bila dramu ya mwingine. Wawili hawa walianza pamoja wakiwa na uzi mmoja na makopo ya rangi, na kila mmoja alijua mwenzake atanyamaza wapi.

Alitumia gitaa gani?

Anahusishwa zaidi na Fender Jazz Bass yenye nyuzi laini, zile zilizozungushiwa utepe bapa badala ya waya wa mviringo. Nyuzi za aina hiyo hazitoi mlio wa chuma vidole vinapoteleza. Akapunguza trebo, akaziachia amplifaya kubwa kazi ya kusukuma hewa. Kijana anayetaka sauti hiyo asikimbilie kununua gitaa la bei kubwa: aanze na nyuzi, apunguze trebo, na avisogeze vidole kuelekea kwenye shingo ya gitaa, mahali ambapo sauti ni ya duara zaidi.

Mbona nikisikiliza kwenye simu siisikii besi?

Kwa sababu spika ya simu haiwezi kuitoa. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na kijispika chenye upana wa kucha hakina uwezo wa kusukuma hewa kwa mwendo huo. Unachosikia ni sauti za juujuu zinazoandamana na ile ya msingi, na ubongo unakisia iliyobaki. Tumia visikizio vya kuziba masikio au spika yenye sanduku. Kisha weka "Natural Mystic", wimbo unaoifungua *Exodus* ya mwaka 1977, ambao huanza kwa mbali sana na kupanda polepole. Usiongeze sauti. Subiri. Utaijua besi kwa kifua kabla ya sikio.

## Nyimbo, uandishi na mirabaha

Je, ndiye aliyepiga besi katika nyimbo zote za Bob Marley?

Hapana. Rekodi za mwanzo za The Wailers katika Studio One, ukiwemo "Simmer Down", zilipigwa na wanamuziki wa The Skatalites. Rekodi walizomfanyia mtayarishaji Leslie Kong zilipigwa na bendi yake ya studio, ambako mpiga besi alikuwa Jackie Jackson. Hata ndani ya *Catch a Fire*, besi ya "Concrete Jungle" ni ya Robbie Shakespeare (tazama swali kuhusu wanafunzi wake).

Aliandika nyimbo zozote?

Ndiyo. Katika *Natty Dread* ya mwaka 1974 anatajwa kuwa mmoja wa waandishi wa "Rebel Music (3 O'Clock Roadblock)". Katika *Rastaman Vibration* ya mwaka 1976, "Want More" uko kwa jina lake, na "Who the Cap Fit" uko kwa majina ya ndugu wote wawili. Carlton anatajwa pia katika "War", ambao maneno yake yametokana na hotuba ya Mfalme Haile Selassie katika Umoja wa Mataifa mwaka 1963.

Mchango wake ulizidi uandishi. Alipanga vyombo, alipiga kinanda na gitaa pale palipohitajika, na ndiye aliyewafundisha wanamuziki wapya sehemu zao.

Kesi yake ya mahakamani ilihusu nini?

Mwaka 2006 Barrett aliishtaki kampuni ya Universal-Island pamoja na familia ya Marley katika Mahakama Kuu ya London. Alidai kwa niaba yake na ya marehemu mdogo wake mirabaha ambayo ilitajwa kufikia pauni milioni 60, akieleza kwamba ndugu hao walikuwa na haki ya mgawo kama wanabendi na kwamba walishiriki kutunga baadhi ya nyimbo. Upande wa pili ulijibu kwamba mwaka 1994 alikwishakubali malipo ya mamia ya maelfu ya dola na kuachia madai yake. Jaji alikubaliana na upande huo, na Barrett akashindwa.

Mahakama ilipima mikataba, na mkataba ulikuwepo. Lakini mpenzi wa muziki anaruhusiwa kupima jambo jingine. Desturi ya hakimiliki humtambua aliyeleta maneno na tuni inayoimbwa. Besi huhesabiwa kuwa kazi ya kibarua aliyelipwa siku ile. Katika muziki ambao tuni kuu iko kwenye besi, kama ilivyoelezwa hapo juu, kipimo hicho kinamwacha nje mtu aliyeubeba wimbo. Mkasa wa "Liquidator" ulikuwa umeshalionyesha hilo miaka 34 kabla ya hukumu.

## Baada ya mwaka 1981

Marley alipofariki, Barrett alifanya nini?

Marley alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981. Barrett aliendelea kuiongoza The Wailers na kuizungusha duniani kwa miongo kadhaa, waimbaji wakibadilika na besi ikibaki. Mwaka 1987 ulikuwa mzito kwake: tarehe 17 Aprili Carlton alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake huko Kingston, akiwa na umri wa miaka 36. Mwezi Septemba mwaka huohuo Peter Tosh naye akauawa.

Serikali ya Jamaika ilimtunuku nishani ya Order of Distinction mwaka 2021. Mtoto wake, Aston Barrett Jr., naye mwanamuziki, aliingia katika The Wailers na akaigiza nafasi ya baba yake katika filamu ya *Bob Marley: One Love*, iliyoanza kuonyeshwa Februari 2024, siku chache tu baada ya msiba.

Ana uhusiano gani na Afrika?

Alikuwa jukwaani katika uwanja wa Rufaro, Harare, mji ambao wakati huo uliitwa Salisbury, usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, Zimbabwe ilipopata uhuru. Watu waliokuwa nje walisukuma mageti ili waingie, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na onyesho likakatizwa kwa muda kabla ya kuendelea. Kesho yake bendi ilipiga tena. Mwanzoni mwa mwaka huo walikuwa wamepiga pia Gabon.

Mwaka 1986 mwimbaji wa Ivory Coast, Alpha Blondy, alitoa albamu ya *Jérusalem* akiwa na The Wailers, iliyorekodiwa katika studio ya Tuff Gong huko Kingston. Sikiliza albamu hiyo bila kumjali mwimbaji kwa dakika chache: ni nyumba ileile, aliyebadilika ni mgeni wa sebuleni.

Nani walijifunza kwake?

Wa kwanza ni Robbie Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1953 na kufariki mwaka 2021. Akiwa kijana mdogo alimwendea Barrett na kumwomba amfundishe, na Barrett alipohamia The Wailers, Shakespeare akaishika nafasi yake katika The Hippy Boys. Baadaye, akiwa na mpiga dramu Sly Dunbar, akawa nusu ya jozi iliyorekodi mno kuliko karibu jozi nyingine yoyote katika muziki wa Jamaika. Mwalimu na mwanafunzi wanasikika wote wawili katika *Marcus Garvey* ya Burning Spear ya mwaka 1975 na katika *King Tubbys Meets Rockers Uptown* ya Augustus Pablo, albamu ya dub ambayo vyombo vingine huondolewa mara kwa mara na kuiacha besi peke yake. Nchini Uingereza, Paul Simonon wa The Clash na Jah Wobble ni miongoni mwa wapiga besi walioichukua rege na kuipeleka katika muziki wao.

## Maswali ya pembeni

Je, bado The Wailers ya sasa ni The Wailers?

Inategemea unaulizia nini. Watatu walioanzisha jina hilo kama waimbaji wote wamekwisha fariki, Bunny Wailer akiwa wa mwisho mwaka 2021. Bendi iliyozunguka dunia baada ya mwaka 1981 ilitokana na ile ya jukwaani, si ile ya waimbaji watatu, na uhalali wake uliletwa na Barrett mwenyewe kuwemo.

Upo wimbo wa Marley usio na besi kabisa?

Upo, na ni mashuhuri: "Redemption Song", sauti moja na gitaa la kawaida. Unaifunga *Uprising*, albamu ya mwisho kutolewa Marley akiwa hai, kwa hiyo sekunde za mwisho za albamu hiyo ndizo ambazo Family Man ameziachia kimya kizima. Lipo pia toleo la bendi nzima, lililojumuishwa katika matoleo ya baadaye ya albamu hiyo. Yasikilize yote mawili mfululizo, kwanza lile la gitaa.